Diana hakukosa shabaha: jibu kwa msomaji alouliza kuhusu May na Ellen

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba. Swali lako nimelisoma na nimelirudia mana ni zuri na wengi wanaosoma riwaya hii hawalifikii. Unasema unasoma The Age of Innocence ya Edith Wharton kwa ajili ya insha ya chuo na uko huko kwenu Wete kwa likizo, na umekwama pahala patatu. Kwanza kwa nini May Welland kila saa anafananishwa na Diana, mungu wa kike wa uwindaji wa Warumi, wakati we unamuona ni mwanamke baridi tu asojua kitu. Pili kwa nini Ellen Olenska, ambae ndo mwenye uhai khasa, hapewi mungu wa kike wake mwenyewe. Tatu kama Wharton anamchukia May. Afu umemalizia kwa kuuliza kama haya mambo ya Warumi na Wagiriki si mapambo tu ya kuonesha kwamba mwandishi kasoma.

Si mapambo hata kidogo. Nakwambia moja kwa moja nnavoona mimi, afu nitakuonesha kwenye kitabu ni wapi: Diana ni picha ilioko kichwani mwa Newland Archer, mchumba wa May anaekuja kuvutwa na Ellen, binamu yake May, na Archer aliisoma nusu. Aliona weupe wa yule mungu wa kike, ule usafi na ubikira na kutoguswa, akausahau upinde. Riwaya nzima inamlipisha kwa nusu ile aloisahau. Ukilishika hilo basi swali lako la kwanza na la tatu yanajibika pamoja, na la Ellen linafuata.

Kidogo tu kuhusu mwandishi, mana inasaidia. Wharton alizaliwa New York mwaka 1862 ndani ya tabaka lilelile analoliandika, familia chache za kitajiri zinazojuana na kuoana wenyewe kwa wenyewe. Aliachana na mumewe mwaka 1913, akaishi Ufaransa, na riwaya hii ikatoka 1920 baada ya ile vita kuu ya kwanza, mwaka uliofuata akapata tuzo ya Pulitzer, mwanamke wa kwanza kuipata kwa riwaya. Lakini kisa amekiweka miaka ya 1870, yaani New York ya utotoni mwake. Anaandika kuhusu mji anaoujua ndani nje, akiwa mbali nao, na ule mji wenyewe keshaona umekufa. Kwa hivo usitegemee atamsifu mtu au atamlaani mtu kirahisi.

Sasa ule mji ulikuwa na tabia moja ambayo sisi watu wa visiwani tunaifahamu bila kufundishwa. Wharton mwenyewe anasema kwenye sura ya 6 kwamba watu wale waliishi kwenye ulimwengu wa alama, jambo lenyewe halisemwi wala halitendwi wala halifikiriwi, linawakilishwa kwa ishara tu. Hapa kwetu mtu akiwa na lake na jirani yake hamwendei kumwambia, anavaa kanga akapita nayo mbele ya baraza, na alokusudiwa ataisoma na wengine watajifanya hawajaona. Wanafunzi wangu wa kike hapa mjini hilo huwa wanalishika siku ileile ya kwanza, wa kiume wanachelewa kidogo. Basi soma maua, nguo na zawadi za kwenye riwaya hii kwa jicho hilohilo. Archer kila siku anampelekea May shada la maua madogo meupe yenye sura ya kengele. Siku moja, sura ya 9 hiyo, kesha toka kwa Ellen anaingia duka la maua akakumbuka leo hajapeleka yale meupe, na palepale anaona mawaridi ya manjano kama jua, hajapata kuona ya namna ile. Wazo la kwanza ni kumpelekea May badala ya yale mengine, lakini akayatizama akaona hayafanani nae, yana nguvu mno, yanawaka mno. Akayapeleka kwa Ellen, akatia kadi yake kwenye bahasha, afu akaitoa kadi akaiacha bahasha tupu. Hakuna mtu alosema neno pale dukani lakini keshasema kila kitu, na mtu peke yake asojua kwamba keshasema ni yeye Archer.

Haya tuje kwa Diana mwenyewe. Mara ya kwanza anaingia sura ya 8, kwa kina van der Luyden, familia ya juu kabisa ya mji ule, baada ya chakula cha usiku. Tizama nani kakaa wapi, usipite haraka. Ellen kamwacha bwana alokuwa akizungumza nae akavuka ukumbi peke yake akaenda kukaa pembeni ya Archer, jambo ambalo mwanamke wa New York hafanyi, anatakiwa akae kama sanamu wanaume wamwendee mmoja baada ya mmoja. Kakaa pale anazungumza, na ndo wakati huo May anaingia na mama yake, nguo nyeupe na fedha, shada la maua ya fedha kichwani, msichana mrefu, na riwaya inasema alionekana kama Diana katoka windoni sasa hivi. Sasa nani anamuona hivo? Archer. Tumo ndani ya macho yake, na macho yale yanamtizama May kutokea kwenye kiti cha jirani ya Ellen. Yaani anampa May uungu wakati huohuo anaanza kuvutwa na mtu mwengine. Kumfanya mtu sanamu la kuabudiwa ni njia nzuri sana ya kutomtizama usoni.

Na Diana ni nani? Wengi wanaishia kwenye uwindaji, ubikira na mwezi, basi. Lakini Warumi walikuwa wakimwomba Diana pia wakati wa uzazi, wanawake wenye uchungu walimwita yeye, na kwa Wagiriki ni Artemi, huyohuyo. Tena si mpole. Kwenye mashairi ya Ovid, mshairi wa Kirumi, kuna kijana anaitwa Actaeon, mwindaji, alimkuta akioga msituni kwa bahati mbaya tu, Diana akamgeuza swala dume na mbwa wake mwenyewe wakamrarua. Niobe alojisifia wingi wa watoto alimaliziwa wanawe, Artemi akiwapiga mishale mabinti na nduguye Apollo akiwapiga wavulana. Wasomaji wa Wharton mwaka 1920 hawakuhitaji kuelezwa haya, na isitoshe New York wenyewe walikuwa na Diana wao, sanamu la Augustus Saint-Gaudens juu ya mnara wa Madison Square Garden, la shaba iliyopakwa dhahabu, mwanamke uchi kavuta upinde, lilikaa pale hadi jengo lilipovunjwa mwaka 1925. Kwa hivo msomaji wa wakati ule akisikia Diana anaona mshale kwanza. Archer ndo anaona gauni jeupe.

Sura ya 21 ndo moyo wa jambo hili. Wameshaoana, wako Newport kwa mapumziko ya kiangazi, Agosti, na klabu ya kupiga mishale inafanya mashindano kwenye bustani ya Beaufort, tajiri mmoja wa benki. May anatoka kwenye hema na upinde mkononi, nguo nyeupe, utepe wa kijani kiunoni, kofia ina majani, na Wharton anarudisha lilelile la Diana, ule umbali wake, kama alivyoingia kwenye ukumbi usiku wa posa yake. Anapiga mshale, anashinda. Zawadi yake ni pini ya kifuani yenye umbo la mshale na ncha ya almasi. Mmoja katika wanaume anasifia anavoshika upinde, na Beaufort anajibu kwamba ndio, lakini hiyo ndo shabaha peke yake atakayoipiga maishani. Archer anakasirika, hajui kwa nini kakasirika, ila na yeye moyoni anajiuliza je kama ule uzuri wa tabia wa mkewe ni pazia tu na nyuma yake hamna kitu.

Ishike hiyo kauli ya Beaufort, mwanangu, mana ni mtego na wewe umenaswa pamoja na Archer uliposema hajui kitu. Sikulaumu, riwaya imepangwa hivo, tunaona kwa macho ya Archer, na Archer tokea sura ya 10 anamlinganisha mchumba wake na wale samaki wa mapangoni Kentucky waliopoteza macho kwa kuwa hawana kazi nayo. Lakini rudi sura ya 16. Wako Florida, Archer kamfata kule kuhimiza harusi iharakishwe, na May anamuuliza kwa utulivu, je unaharakisha kwa sababu huna uhakika kama utaendelea kunipenda? Anamwambia msichana hajui kidogo kama wazee wake wanavodhani, mtu anasikia, mtu anaona. Anamwambia kama kuna mwanamke mwengine mwenye haki nae basi yeye May yuko tayari kumwachia. Wallahi ukisoma pale polepole unaona msichana wa miaka michache tu anafungua mlango mkubwa kabisa, anampa mtu nafasi ya kusema kweli. Archer anafanya nini? Anashusha pumzi, mana anadhani May anaulizia ule uhusiano wake wa zamani na mwanamke mwengine, wa kabla ya uchumba, anamtoa wasiwasi, na mlango unafungwa. Samaki asiye na macho ni nani hapo?

Baada ya hapo May haulizi tena. Anaanza kulenga.

Nenda moja kwa moja sura ya 33, karamu ya kumuaga Ellen anaerudi Ulaya. May ndo kaiandaa, karamu yake kubwa ya kwanza kama mke. Archer kakaa mezani, na katikati ya chakula linamjia kwamba watu wote hawa wazuri wazuri waliokaa wanatabasamu wanaamini yeye na Ellen wana jambo, na wamekuja wote kumzunguka mkewe, na kule kumpokea Ellen kwa mapenzi ndo kumfukuza. Wharton anauita utaratibu wa New York ya zamani wa kuua bila kumwaga damu. Huo ndo uwindaji wenyewe, na anaeuongoza kakaa upande wa pili wa meza. Afu wageni wanaondoka, Archer yuko maktabani anataka kumwambia May kwamba anataka kusafiri, mbali, Uhindi au Japani, peke yake, na May anamwambia haitowezekana, labda madaktari waniruhusu kwenda na wewe. Ni mjamzito, kathibitisha asubuhi ya leo. Archer anamuuliza umeshamwambia mtu, anasema mama, na mama yako, afu, na Ellen, tulipozungumza mchana ule. Archer anahesabu. Lakini hiyo ilikuwa wiki mbili nyuma, na we unasema umejua leo. Uso wa May unaiva lakini macho hayakwepi. Anasema hakuwa na uhakika siku ile ila alimwambia Ellen kwamba anao, na unaona, nilikuwa sawa! Na macho yake ya buluu yamelowa, kwa ushindi.

Hapo ndo picha yote inafunga. Mshale wa May ni mimba, na Diana ni mungu wa uwindaji na wa uzazi kwa pamoja. Wharton hataji Diana pale, hana haja, keshakuonesha upinde tokea mwanzo. Aliwapiga wawili kwa mshale mmoja, Ellen akajitoa mwenyewe kwa sababu ana utu, na Archer akabaki. Na Beaufort alosema ile ndo shabaha peke yake atakayoipiga, alikosea kuliko mtu yeyote kwenye kitabu.

Sasa Ellen. Umesema hapewi mungu wa kike na kweli hapewi, na mimi naona Wharton kafanya hivo makusudi. Ellen hafananishwi na mungu kwa sababu Archer hawezi kumpanga. Badala yake Ellen anapata kukutana na zimwi. Wanazungumza habari ya Gorgon, yule kiumbe mwenye nyoka badala ya nywele ambae ukimtizama unageuka jiwe. Ellen alikuwa kaolewa na bwana mmoja wa Kipolandi mwenye cheo cha count, ndoa ya mateso, na anasema yeye Gorgon amelazimika kumtizama. Sura ya 18 anasema hampofushi mtu, anamkausha machozi. Sura ya 29, wakiwa kwenye gari la farasi, anaongeza kwamba ni uongo kusema anapofusha, anachofanya ni kinyume, anayafunga macho yabaki wazi hadi mtu asipate tena lile giza la raha. Tizama Wharton alivoigeuza hadithi ya kale juu chini. May kapewa sura ya mungu na watu wanaomtizama, Ellen kapewa macho kwa alichokitizama. Mmoja ni wa kuangaliwa na mwengine ni wa kuona, angalau hivo ndo Archer anavowagawa.

Lakini hata huo mgao hausimami, na hili usiliache kwenye insha yako. Sura ileile ya 21, baada ya mashindano, May na Archer wanakwenda kwa bibi yake May mzaa mama, Bibi Mingott, kumuonesha ile pini, na bibi anamtuma Archer akamwite Ellen aliko ufukweni. Archer anamuona amesimama mwisho wa gati kampa mgongo anatizama bahari. Anajiwekea nadhiri, kama hajageuka kabla ule mtumbwi wa matanga haujapita mnara wa Lime Rock, narudi. Chombo kikapita, hakugeuka, Archer akarudi. Tukienda mbele, wakiwa Boston, Ellen anamwambia alijua yupo, aliwatambua farasi wa gari lao, ndo mana akashuka ufukweni, na hakugeuka kwa makusudi. Unaona? Yule mume anasimama nyuma ya mwanamke akidhani yeye ndo anaemtizama, kumbe keshaonekana zamani. Kwa May hivohivo. Wanawake wawili wanaosemwa kuwa mbingu na ardhi, mmoja weupe mmoja moto, wote wawili wanajua zaidi ya mwanamme alokaa katikati akiwapa majina.

Kuna na lile la makumbusho, sura ya 31, nalipenda sana. Wanakutana chumba chenye vitu vya kale, vyombo vya udongo na vipande vya miaka elfu, na kwenye kabati kuna vidude vidogo vimebandikwa kibandiko kwamba matumizi yake hayajulikani. Ellen anasema ni ukatili kwamba baada ya muda hakuna kinachobaki na maana, kama vitu hivi, viliwahi kuwa vya lazima kwa watu waliosahaulika na leo vinakisiwa kwa kioo cha kukuzia. Hapo ndo utaona kwamba ule ukale wote wa Diana na Gorgon si wa kupendezesha. Wharton mwaka 1920 anaitizama New York ya 1870 kama mabaki yaliochimbuliwa, kabila lenye miungu yake na kafara zake, na neno kabila analitumia mwenyewe kwenye ile karamu.

Je anamchukia May? Hapana, na mimi nakuomba usimchukie wewe pia. Soma sura ya 30, jioni, May anadarizi mto wa kiti cha mumewe kwa sababu wake wengine wanawadarizia waume zao, na Wharton anasema mikono yake mikubwa hodari iliumbiwa kupanda farasi na kupiga makasia na mambo ya nje, si sindano. Mimi hapo roho inaniuma kila nikipasoma. Mwindaji kafungiwa ndani na kapewa sindano, na mtu alokaa nae chumba kimoja wakati huohuo anawaza itakuwaje kama mkewe akifa. Nguvu zote zile na akili yote ile mji wake haukumpa pa kuzipeleka isipokuwa kulinda ndoa, basi akailinda kwa ustadi wa hali ya juu. Alidanganya, ndio, na uongo ule ulimgharimu Ellen maisha aloyataka. Yote mawili yasemwe. Na mwisho kabisa, miaka 26 baadae, May keshafariki kwa homa ya mapafu alopata akimuuguza mwanawe, Dallas mtoto mkubwa anamwambia baba yake Paris kwamba mama kabla ya kufa alimwambia watoto wako salama na baba, kwa sababu siku moja alipomwomba, aliacha kitu alichokitaka kuliko vyote. Archer anajibu, hakuniomba kamwe. Na ni kweli hakumwomba kwa mdomo.

Hilo la kulinganisha na Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ulilodokeza mwisho, linafaa lakini kwa uangalifu. Yasmin na Mwajuma ni wanawake wawili tofauti kwa kila kitu, asili, malezi, mtaa, lakini hawashindani, Mwajuma ndo anaempokea Yasmin jamaa zake walipomfungia mlango. Hilo ndo lenye faida kwako: utofauti wa wanawake wawili kwenye riwaya si lazima uwe mizani ya nani bora. Ukiiweka hivo aya moja inatosha, usiifanye insha nzima.

Na hilo jaduweli ulosema umeshalianza, May upande huu na Ellen upande ule, meupe na manjano, baridi na moto, liache. Utakuwa unaandika alivoona Archer ukidhani unaandika alivoandika Wharton. Panga insha yako kwa kuifata picha ya Diana ilivopita, sura ya 8, ya 21, afu ya 33 ambako jina halitajwi, na ya 16 iweke katikati kama ushahidi wa kwamba May anaona. Gorgon iingize baada ya hapo. Kila ukitaja picha sema ni nani anaeiona na kakaa wapi. Kama mwalimu wako kawapa kurasa chache na unaweza kuchambua sura moja tu, chukua ya 21, mana mishale na gati zote zimo humo, na wewe unaijua bahari, sehemu ya gati utaiandika vizuri.